Paka wa stoo na makinda wa barazani

SWALI

Mama Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaishi Nguba, hapa Bukavu, pamoja na mwanangu wa kiume, mke wake na wajukuu zangu. Kiwanja chetu si kikubwa, lakini kina mti wa avoka, kichaka cha hibiskusi na bugenvilia iliyoutambaa ukuta wote, na kwa sababu hiyo ndege hawakosi. Tangu mvua ziliporudi, jozi moja ya shorewe, wale wenye kichwa cheusi na rangi ya manjano chini ya mkia, wamejenga ndani ya hibiskusi, kwa kimo cha kifua changu, na chozi jike, yule ndege mdogo anayefyonza maua, ametundika kiota chake kwenye waya wa kuanikia nguo chini ya paa la baraza.

Tuna paka jike ambaye wajukuu wanamwita Chui. Mwanangu alimleta kwa sababu ya panya waliokuwa wakitoboa magunia ya unga wa muhogo na mahindi katika stoo, na ni kweli kwamba tangu alipofika hasara imepungua. Lakini paka huyo huyo ndiye aliyewala makinda wote wa kiota cha kwanza cha shorewe, mchana kweupe, wajukuu wakitazama. Sasa ndege wale wamejenga upya na nimeona mayai matatu. Isitoshe, paka wawili wa jirani yetu, mzee anayeheshimiwa sana katika avenyu yetu na mwenye duka la unga, hupita juu ya ukuta wetu kila alfajiri.

Kila mtu ana ushauri wake. Mwanangu anasema niviondoe viota, ndege waende msitu wa Kahuzi ambako ndiko kwao. Mama mmoja tunayesali pamoja anasema nikihamishe kiota juu ya mti wa avoka, ilhali mwingine ananionya kwamba ndege akinusa mkono wa mtu huyaacha mayai yake. Jirani wa upande wa pili amejitolea kuniletea dawa ya panya niichanganye na sambaza, wale dagaa wa ziwani, na kuiweka juu ya ukuta. Mimi sitaki kuua kiumbe, sitaki kugombana na mzee, wala sitaki panya warudi kwenye unga. Je, ipo njia ya kuwalinda ndege hawa bila kuharibu mengine yote?

Bibi wa Nguba

JIBU

Mama mpendwa,

Njia ipo, na haikudai umchague paka au ndege. Lakini kabla sijaieleza, naomba nianze na ile dawa ya panya, kwa kuwa ndilo jambo lisiloweza kusubiri.

Tafadhali usiipokee, na ikiwezekana, mwombe jirani yako asiiweke popote katika avenyu yenu. Sambaza iliyotiwa sumu haichagui anayeila: itaokotwa na Chui wenu kabla ya paka wa mzee, au na kuku, au na mtoto mdogo anayeokota kila anachokiona chini. Panya mwenyewe akila sumu hafi papo hapo wala mahali pale pale; hutoka akiyumbayumba, akakamatwa na paka, mwewe au bundi, na sumu iliyo mwilini mwake huweza kumdhuru aliyemla. Vivyo hivyo na naftalini, ambayo baadhi ya watu huimwaga bustanini wakidhani harufu yake itawafukuza paka: ni sumu kwa paka na kwa watoto. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao, kwa sababu katika mambo yote uliyoshauriwa hili peke yake ndilo linaloweza kuleta msiba nyumbani kwako.

Sasa kuhusu Kahuzi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, ina ndege wake wa msituni, na wengi wao hutawaona kamwe Nguba. Shorewe si mmoja wa hao. Yeye ni ndege wa vichaka, mashamba na bustani, anayefuata mapera, mapapai na matunda madogo ya porini, na ukimwondoa kwenye hibiskusi yako hatapanda mlima kwenda msitu mnene. Atahamia ua wa pili, ambako huenda kuna paka mwingine. Chozi naye hupenda kuishi karibu na watu wenye maua, na wakati wa kulea huwalisha makinda wake wadudu wadogo na buibui, kazi ambayo bustani yako inafaidika nayo kila siku. Mwanao anaweza kuelezwa hivyo kwa upole: kwao ni hapo hapo.

Kiota pia usikihamishe. Ndege wazazi hukariri mahali, nao wakirudi kwenye tawi lile na kukuta patupu, kwa kawaida hawaendi kukitafuta juu ya avoka; mayai hupoa na kufa. Lile la kunusa mkono halina msingi, kwa maana ndege wengi wa bustani hawatumii harufu kuwatambua watoto wao. Hata hivyo aliyekuonya amekusaidia bila kujua, kwani kukikaribia kiota mara kwa mara kuna madhara ya aina nyingine. Kila unapokisogelea, mama huruka na mayai hubaki wazi, na katika mji huu ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako alfajiri ni za baridi, mayai hayavumilii kuachwa kwa muda mrefu. Tena majani unayoyasukuma na nyasi unazozikanyaga hufungua njia, na paka ni mnyama anayewachungulia watu wake na kutaka kujua wanatazama nini. Chagua dirisha moja ndani ya nyumba, na wajukuu wote watazame kutoka hapo.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine ni kwamba hatari hii ina muda wake, nao si mrefu. Shorewe hutaga mayai mawili au matatu, huyaatamia kwa siku 12 hadi 14, na makinda huondoka kiotani wakiwa na umri wa wiki mbili hivi. Chozi hutaga yai moja au mawili, na kwake vilevile kuatamia na kulea kiotani huchukua kama mwezi mmoja kwa jumla. Kwa hiyo hutafuti namna ya kupigana na paka mwaka mzima. Unatafuta namna ya kuyabadilisha maisha ya Chui kwa mwezi mmoja na siku chache, na ninaamini nyumba yenye bibi na wajukuu inaliweza hilo.

Hapa ndipo panya wanapoingia, na kwa bahati njema wanaingia upande wetu. Panya wako wamo stooni, nao hutoka usiku. Ndege wako wamo bustanini, nao wana shughuli mchana, hasa alfajiri na jioni. Paka anayezurura bustanini saa kumi na mbili asubuhi halindi unga wa mtu yeyote. Mfungieni Chui ndani, akae sebuleni au jikoni mchana na kulala stooni usiku, na msimruhusu kutoka hadi makinda waondoke. Ikiwa nyumba haiwezi kuvumilia mwezi mzima, basi wiki mbili za mwisho, tangu mayai yatakapoanguliwa, zisiwe na mjadala, kwa sababu ndipo makinda hulia wakidai chakula na wazazi huingia na kutoka bila kupumzika, na sauti hizo humwita paka kutoka mbali. Harufu na mwendo wa paka ndani ya stoo huwafanya panya wawe waangalifu, ingawa ni vema mwanao ajue kwamba paka si tegemeo kamili dhidi ya panya wakubwa. Watafiti waliofuatilia panya na paka katika kituo kimoja cha kuchakata taka huko New York, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, waliona paka wakiua panya wachache mno. Panya walijificha tu. Unga uwekwe ndani ya mapipa yenye mifuniko, juu ya mbao zilizoinuka kutoka sakafuni, na matundu ya ukuta yazibwe kwa saruji, hata kama mna paka kumi.

Paka aliyefungiwa anahitaji mambo matatu. La kwanza ni karai au sanduku lenye mchanga au vumbi la mbao kutoka kwa seremala, linalosafishwa kila siku. Mke wa mwanao akiwa mjamzito, kazi hiyo aifanye mtu mwingine, kwa kuwa kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. La pili ni chakula cha kweli. Wengi wetu humpa paka mabaki ya bugali yaliyoloweshwa mchuzi, tukidhani njaa itamfanya awinde vizuri zaidi, na ndivyo tunavyomtuma bustanini kutafuta nyama tuliyomnyima. Mpe sambaza zilizochemshwa bila chumvi, utumbo wa kuku uliopikwa, kichwa cha samaki. La tatu ni mchezo: wajukuu wavute kamba yenye kishada cha manyoya mwishoni, ajifiche, aruke, akamate, kwa dakika tano hadi kumi kila siku.

Haya ya chakula na mchezo si dhana yangu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya katika kaya 219 zenye paka 355. Paka waliolishwa chakula chenye nyama nyingi, kisicho na nafaka, walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36, na wale waliochezeshwa dakika tano hadi kumi kwa siku walipunguza kwa asilimia 25. Kengele ya shingoni, ambayo ndiyo watu hunishauri niiandike kila suala hili linapotokea, haikuonyesha faida ya wazi katika utafiti huo. Kilichowaokoa ndege ni kola ya kitambaa chenye rangi kali, iliyokunjwa kama marinda: paka walioivaa walileta ndege pungufu kwa asilimia 42. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Ndege huona rangi vizuri kuliko hata sisi, na humwona mwindaji kabla hajaruka. Panya hutegemea zaidi masikio na pua, na rangi hizo hazimsaidii kitu. Katika utafiti huo kola haikupunguza idadi ya panya waliokamatwa. Kwa nyumba yenye shida kama yako, Mama, sijui kifaa kinachofaa kuliko hicho.

Na nani mjini Bukavu atakosa kitenge? Chukua kipande chenye nyekundu, manjano na buluu iliyokoza, ukikate upana wa vidole vitatu au vinne na urefu maradufu ya mzunguko wa shingo, ukikunje marinda na kukishona. Angalizo moja ni la lazima: ncha mbili za kola ziunganishwe kwa uzi mwembamba wa mishono michache tu, ili paka akinaswa kwenye tawi au waya uzi ukatike naye asijinyonge. Kati ya kola na shingo paweze kupita vidole viwili. Siku mbili za kwanza atajikuna na kurudi nyuma nyuma. Msimwonee huruma mkamvua, atazoea.

Kwa kuwa wapo paka wa jirani, kumfungia Chui hakutoshi, na kila kiota kinahitaji ulinzi wake. Cha chozi ni chepesi zaidi. Kiota chenyewe, kile kifuko kilichofumwa kwa nyasi na utando wa buibui chenye mlango ubavuni, kinaning'inia mahali ambapo paka hawezi kukaa, kwa hiyo atakifikia kwa kuruka tu. Ondoeni barazani kila anachoweza kukikanyaga: benchi, pipa la maji, kuni, ngazi iliyoegemezwa. Paka mzima huruka zaidi ya mita moja na nusu akiwa chini, na akipata kiti cha kuanzia huongeza kimo cha kiti hicho. Nguo zianikwe kwingine mpaka makinda watoke.

Cha shorewe kina kazi zaidi, kwa sababu kimo cha kifua ni kimo kibaya sana. Tafuta wavu wa kuku wenye urefu wa kwenda juu wa mita mbili hivi, uzungushe hibiskusi ukiacha nafasi ya hatua moja kutoka kwenye matawi, na uufunge kwenye nguzo tatu au nne za miti. Sehemu ya juu, kama mkono mmoja, usiifunge popote. Iache ilegee na kuinamia nje, kwa kuwa paka anayepanda wavu unaoyumba chini ya uzito wake hukosa pa kushika na hushuka. Juu pabaki wazi kwa ndege. Chini, pembezoni mwa wavu, panga matawi ya bugenvilia yenye miiba. Kazi yote ifanywe na watu wawili, saa za mchana wenye joto, bila kelele, nguzo zikiwa zimeshaandaliwa mbali, ili pale kichakani msikae zaidi ya dakika kumi. Kisha nendeni dirishani mtazame: mzazi akirejea ndani ya nusu saa, mmefaulu, ikipita saa nzima naye anazunguka tu bila kuingia, fungueni upande mmoja wa wavu.

Mti wa avoka uzungushie bati laini, au madebe ya mafuta ya kupikia yaliyokunjuliwa, upana wa sentimita 60 hivi, kuanzia kimo cha kifua kwenda juu. Kucha za paka haziumi bati. Ulifunge kwa waya wala usilipigilie misumari, kingo zake zikunjwe zisiwakate watoto, na matawi yanayogusa ukuta au paa yapunguzwe, la sivyo paka atapita juu na bati halitamzuia.

Sasa tuje kwa mzee. Usimtume mjukuu, wala usimpigie kelele kutoka ng'ambo ya ukuta siku utakayowaona paka wake. Nenda jioni, baada ya kufunga duka, ukiongozana na mwanao. Msalimie, uulize habari za nyumbani na za biashara, na usianze na makosa ya paka wake, bali na ya Chui, ambaye ndiye aliyekwisha kuua. Mweleze kwamba nyote wawili mna unga wa kulinda na mna paka kwa sababu moja. Kisha mwombe jambo dogo lenye mwisho unaojulikana: "Mzee, naomba paka wako walale ndani ya duka na wasitoke hadi saa nne asubuhi, kwa mwezi mmoja tu." Mpelekee kola mbili ulizoshona mwenyewe, na umkaribishe aje dirishani kwako kuona kiota. Mtu mzima aliyeombwa kwa heshima hiyo, akaonyeshwa kwa macho yake kinacholindwa, mara nyingi atalinda pamoja nawe. Akikataa, bado una haki ya kumwaga maji ya kawaida juu ya ukuta paka wanapopita. Hayawadhuru, na hawayapendi.

Kuna siku moja ambayo lazima ujiandae nayo mapema. Makinda wa shorewe hutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka sawasawa, na kwa siku chache hurukaruka chini na kwenye matawi ya chini huku wazazi wakiendelea kuwalisha. Watoto watasema ameanguka, watataka kumweka kwenye boksi na kumlisha bugali. Msimchukue. Ikiwa ana manyoya na anarukaruka, yuko mahali pake. Akiwa njiani au wazi mno, mwinueni taratibu mumweke ndani ya kichaka kilicho karibu, kisha muondoke, na wazazi watamfuata kwa sauti yake. Siku hizo ndizo Chui hapaswi kuonja hewa ya nje hata dakika moja. Ikitokea paka yeyote akamng'ata ndege naye akaokolewa akiwa hai, msimwachie mkidhani amepona kwa kuwa damu ni kidogo: mdomo wa paka una bakteria ambao humuua ndege kwa siku moja au mbili, na kinachoweza kumsaidia ni dawa ya kuua bakteria kutoka kwa daktari wa mifugo, siku hiyo hiyo.

Huyo daktari, Mama, mna sababu nyingine ya kumwona. Chui ni jike, na hapa karibu na ikweta, ambako mchana haufupiki, paka huzaa wakati wowote wa mwaka, mara mbili au tatu, kila mara watoto wanne hivi. Wajukuu hawatakubali kuwatupa, na ukuta wenu utakuwa na wapitaji wengi kuliko sasa. Mwombe amfunge uzazi, na siku hiyo hiyo amchanje dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka huugua ugonjwa huo na kuuambukiza kama mbwa. Mweleze mzee utakapokuwa unakwenda; pengine atapenda wake wawili waende katika safari hiyo hiyo. Mkirudi, Chui akae ndani hadi kidonda kipone, na mkiipanga siku hiyo wiki hii, muda wake wa kupona utaangukia ndani ya mwezi ule ule mnaohitaji asitoke.